Mashine inasomaje bahasha? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchambua barua kwa utambuzi wa picha

Majibu haya yameandikwa kwa watu wa masijala, posta na ofisi za vifurushi wanaofikiria kuikabidhi kamera kazi ya kusoma bahasha, na kwa wanafunzi wa kompyuta wanaotaka kujua kazi hii inavyofanyika nje ya darasa. Mfano mkubwa nilioutumia ni Posta ya Marekani, kwa kuwa historia yake imehifadhiwa vizuri na tarakimu zilizoandikwa kwenye barua zake ndizo zilizotumika kuifundisha kompyuta kusoma mwandiko wa mkono. Pale panapotuhusu sisi wa Afrika Mashariki nimepasema wazi.

Kwa kifupi, mashine inafanya nini hasa?

Inapiga picha upande wa mbele wa bahasha, inatafuta anwani iko wapi kwenye picha hiyo, inaisoma, inalinganisha ilichosoma na orodha ya anwani zinazojulikana, kisha inachapa kwenye bahasha msimbo pau, yaani safu ya vistari, wenye jibu. Kuanzia hapo hakuna mashine nyingine inayohangaika na mwandiko. Zote husoma vile vistari tu. Mashine ya Marekani ya kuchambua kwa msimbo pau hupitisha barua zipatazo 36,000 kwa saa, yaani kumi kila sekunde.

Kabla ya kusoma kuna kazi nyingine ambayo watu huisahau. Barua hufika zimechanganyika, nyingine kichwa chini, nyingine mgongo juu. Mashine ya kwanza huzigeuza zote zitazame upande mmoja na kuzigonga mhuri. Hujua stempu iko wapi kwa sababu wino au karatasi ya stempu ina kemikali inayong'aa ikimulikwa kwa mwanga maalumu. Utambuzi wa picha ungekuwa mgumu mara nyingi zaidi bila hatua hii isiyo na akili bandia yoyote ndani yake.

Zamani walifanyaje?

Kwa macho na mikono, mbele ya kabati la vishubaka. Baadaye zikaja mashine ambazo mtu alikaa mbele yake, barua moja ikimpitia kila sekunde, naye akabonyeza namba ya eneo ili mashine iitupe kwenye kisanduku chake. Marekani zilikuwa na viti 12 na visanduku 277. Ni kazi ya kuchosha mno: barua 60 kwa dakika, saa baada ya saa, na mtu alilazimika kukariri ramani nzima ya usambazaji.

Postikodi ya Marekani, iitwayo ZIP, ilianza tarehe 1 Julai 1963. Mwaka 1965 mashine ya kusoma herufi ilianza kazi posta ya Detroit, lakini ilisoma maandishi ya chapa tu. Japani waliingia kwenye mwandiko wa mkono mapema: Toshiba walitengeneza mwaka 1967 mashine iliyosoma postikodi zilizoandikwa kwa mkono, na postikodi yenyewe ikaanza kutumika nchini humo Julai 1968. Walifanya jambo la busara sana. Walichapisha kwenye bahasha visanduku vidogo vyekundu, kimoja kwa kila tarakimu. Mwandishi akijaza humo, mashine haina haja ya kutafuta namba iko wapi wala kuzitenganisha zilizogusana. Mtu yeyote anayebuni fomu au bahasha za ofisi yake aanze na wazo hilo. Ni rahisi kuliko programu yoyote.

Mwandiko wa mkono inausomaje, wakati hata mimi wakati mwingine unanishinda?

Hapa ndipo posta ilipotoa mchango ambao umekuja kuonekana katika simu zetu zote. Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake wa Bell Labs, New Jersey, walichapisha matokeo ya kuufundisha mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano, kusoma tarakimu za postikodi. Hawakuwaomba wanafunzi waandike namba kwa adabu kwenye karatasi safi. Walichukua picha 9,298 za tarakimu zilizokatwa kutoka kwenye barua halisi zilizopita posta ya Buffalo, jimbo la New York: zilizoandikwa kwa haraka, kwa kalamu inayoishiwa wino, zilizopinda, zilizoungana. Picha 7,291 zilitumika kufundisha na 2,007 zilifichwa kwa ajili ya mtihani. Kila moja ilipunguzwa mpaka mraba wa pikseli (vinukta vinavyounda picha) 16 kwa 16.

Mtandao ule haukupewa maelezo kwamba nane ina matundu mawili au saba ina kona. Ulipewa madirisha madogo ya pikseli 5 kwa 5, ambayo yanapita juu ya picha nzima yakitafuta alama ileile kila mahali: ukingo, pembe, mwisho wa mstari. Kila dirisha lilijirekebisha lenyewe kadiri mtandao ulivyokosea na kusahihishwa. Mbinu hiyo ndiyo babu wa programu nyingi zinazotambua nyuso na mabango leo.

Sasa tazama matokeo, maana ndani yake mna somo zima. Kwenye tarakimu za mtihani mtandao ulikosea 5%. Ni matokeo mazuri kwa karatasi ya kitaaluma, lakini postikodi ina tarakimu tano. Ikiwa kila moja ina nafasi ya 5% ya kukosewa, na makosa hayategemeani, basi zaidi ya postikodi 22 katika kila 100 zitakuwa na kosa angalau moja. Robo ya barua, karibu, zimekwenda kusiko. Kwa hiyo watafiti wale waliupa mtandao ruhusa ya kukataa: pale alama za jibu la kwanza na la pili zinapokaribiana, usijibu. Ulipokataa 12.1% ya tarakimu, makosa kwenye zile ulizokubali yalishuka mpaka 1%.

Ningependa kila anayenunua mfumo wa aina hii aikariri hesabu hiyo. Muuzaji akikuambia mashine yake inasoma kwa usahihi wa kiasi fulani, muulize: ikiwa imekataa ngapi?

Hizo picha za Buffalo ndizo MNIST tunazosoma chuoni?

Hapana. MNIST ni mkusanyo mwingine wa kufundishia kompyuta, una picha 70,000 na asili yake ni tarakimu zilizoandikwa na wafanyakazi wa ofisi ya sensa ya Marekani na wanafunzi wa sekondari wa huko. Zile za Buffalo hujulikana kama mkusanyo wa USPS (kifupi cha Posta ya Marekani), ni chache, na kwa kawaida ni ngumu zaidi. Ukitaka kujua mfumo wako utafanyaje kazi na barua, jipime na hizo za pili. Au, bora zaidi, na barua za ofisi yako mwenyewe.

Mashine ikishindwa, barua inakwenda wapi?

Kwa binadamu. Na namna Marekani walivyomleta binadamu kwenye mnyororo huu ni ufundi wa hali ya juu.

Barua isiyosomeka haikai kwenye mashine ikisubiri, kwa sababu ingezuia nyingine zote. Mgongoni mwake huchapwa vistari vya wino wa rangi ya machungwa unaong'aa, ambavyo ni namba ya utambulisho ya barua ile peke yake. Kisha barua huwekwa kando, na picha yake hutumwa kwa waya hadi kituo kilicho mji mwingine kabisa. Huko ameketi mtu mbele ya kompyuta. Anaiona picha, anaandika sehemu ya anwani kwa vifupisho walivyokubaliana, na jibu linarudi. Barua inapopitishwa tena, mashine inasoma namba ile ya mgongoni, inachukua jibu linalolingana nayo na kuchapa msimbo pau. Mfanyakazi wa kituo kile haigusi barua hata siku moja.

Katika kilele chake, miaka ya 1990, vituo hivyo vilikuwa 55. Kadiri programu zilivyojifunza mwandiko, na hapa Chuo Kikuu cha Buffalo kupitia timu ya Sargur Srihari kina sehemu kubwa, picha zilizohitaji jicho la mtu zilipungua. Mwaka 2013 kituo cha Wichita kilifungwa, kikabaki kimoja tu, cha Salt Lake City.

Kimoja, lakini kipo. Baada ya miongo mitatu ya utafiti bado kuna bahasha ambazo mtu tu ndiye anayezielewa, na posta yenye mashine nyingi kiasi hicho imeona ni sahihi kumlipa mtu huyo mshahara.

Kwa nini watu wa fani hii wanasisitiza sana orodha ya anwani kuliko kamera?

Kwa sababu kusoma ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu nyepesi.

Chukua bahasha inayokwenda Buffalo. Postikodi za mji huo huanza na 142. Tuseme mwandiko ni mbaya na mashine imeona 147, ambazo ni za Jamestown, mji mwingine wa jimbo hilohilo. Lakini juu ya namba, neno la mji linaanza na kitu kama B na kuishia na o. Orodha inasema Jamestown haifanani na neno hilo, Buffalo inafanana. Basi ile 7 ilikuwa 2. Kisha mashine inasoma namba ya nyumba na kuiuliza orodha: ndani ya postikodi hii, ni mitaa ipi yenye nyumba namba hiyo? Yanarudi majina machache tu. Sasa haina haja ya kusoma jina la mtaa herufi kwa herufi, inachagua lipi kati ya hayo machache linafanana zaidi na yale makorokoro. Anwani ya Marekani ina ushahidi unaojirudia, na kila kipande kinakilinda kingine.

Sasa weka pembeni yake anwani yetu: jina, S.L.P. 2345, Dar es Salaam. Namba ya sanduku haina shahidi mwingine. Mashine ikisoma 2354, hilo nalo ni sanduku halali lenye mwenyewe, na hakuna chochote kwenye mstari ule kinachopiga kelele kwamba kuna kosa. Shahidi pekee aliyebaki ni jina la mpokeaji, na hapo tunagonga ukuta mwingine: sanduku moja la shule, parokia, msikiti au kampuni hupokea barua za mamia ya watu ambao majina yao hayajaandikwa popote posta.

Ndiyo maana nasema kununua mashine ileile ya Marekani na kuileta hapa kusingetupa matokeo yale. Sanduku la posta limetutumikia vizuri, lakini kwa mashine ni anwani isiyo na pa kushikilia.

Postikodi zetu hazisaidii?

Zinasaidia, ila si kwa namna moja. Kenya ina tarakimu tano zinazotaja ofisi ya posta lilipo sanduku: 00100 ni Posta Kuu ya Nairobi, 80100 ni Mombasa, 40100 ni Kisumu. Mtu akiandika “S.L.P. 2345 – 80100, Mombasa”, namba na jina la mji vinashuhudiana, na kosa la upande mmoja linaweza kunaswa na upande wa pili. Namba ya sanduku bado inabaki peke yake, lakini barua angalau itafika jengo sahihi.

Tanzania nayo ina tarakimu tano, zinazoshuka mpaka ngazi ya kata. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ikaongeza majina ya mitaa na namba za nyumba, zikiwa ndani ya mfumo wa kidijitali uitwao NaPA. Kwa macho ya mashine hiyo ni hatua kubwa kuliko kamera yoyote: kata, mtaa na namba ya nyumba, vitatu vinavyoweza kulinganishwa, na orodha ya kulinganishia ipo. Kinachokosekana ni mazoea. Watu wengi hawajaanza kuiandika anwani hiyo kwenye bahasha, na isipoandikwa, mashine haina cha kusoma. Ofisi za serikali na mabenki zingeianza kwenye barua zao wenyewe, mazoea yangeenea haraka.

Barua zinapangwaje mpaka zifuate mpangilio wa nyumba anazopita mpeleka barua?

Kwa kupitishwa mara mbili. Msimbo pau wa Marekani hubeba mpaka tarakimu 11 zinazomfikisha mtu kwenye kisanduku kimoja cha mlango mmoja. Mara ya kwanza mashine huzigawa barua kwa sehemu ya mwisho ya nafasi yao kwenye njia, huzikusanya bila kuvuruga mfuatano, kisha huzigawa tena kwa sehemu ya mbele. Zikitoka mara ya pili zimefuatana nyumba kwa nyumba. Ukitaka kuliamini hili, chukua karata za namba 11 hadi 44 na uzigawe kwanza kwa tarakimu ya mwisho, halafu kwa ya kwanza. Zitajipanga zenyewe mezani.

Vifurushi na barua za rejista vinasomwa vivyo hivyo?

Ni rahisi zaidi, maana vina lebo. Kamera kadhaa hukitazama kifurushi pande zote kwa wakati mmoja kikiwa kwenye mkanda, zikitafuta msimbo pau. Ugumu wake ni wa kimwili: plastiki inayometa, lebo iliyokunjwa kwenye kona, gundi ya karatasi iliyofunika vistari.

Namba ya kimataifa ya kufuatilia kifurushi, ile yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi, ina kinga ndani yake ambayo wachache wanaijua. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutoka kwa nane zilizotangulia. Tuchukue RR123456785TZ. Zidisha tarakimu nane za kwanza, moja moja kwa mfuatano, na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kisha jumlisha: unapata 204. Gawa kwa 11, kinabaki 6. Kutoa 6 kwenye 11 ni 5, na hiyo ndiyo tarakimu ya tisa. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Mashine au karani akikosea tarakimu moja, hesabu karibu kila mara inakataa hapohapo. Utaratibu huu ni wa Umoja wa Posta Duniani, kwa hiyo unafanya kazi kwa kifurushi cha Mwanza sawasawa na cha Muscat. Ukiunda mfumo wa kuingiza namba hizi kwa kamera ya simu, weka ukaguzi huu ndani. Ni mistari michache ya programu na inaokoa vilio vingi.

Kiswahili chenyewe ni kikwazo?

Kwa herufi, hapana. Tunaandika kwa herufi za Kilatini bila vikorombwezo. Kinachosumbua kidogo ni kile kiapostrofi cha ng', ambacho mashine hukiona kama doa.

Ugumu uko kwenye namna tunavyotaja mahali na watu. Ofisi moja huandikwa “Wizara ya Fedha” na mwingine huiandika kwa Kiingereza. Dar es Salaam huwa Dar, DSM, D'Salaam. Zainabu ni Zainab, Muhammad ni Mohamed ni Mohammed. Kuna anayeandika “nyuma ya soko, mkabala na kituo cha mafuta”, na binadamu anaelewa kabisa. Dawa ni orodha inayokubali majina mengi ya kitu kimoja, iliyojazwa na watu wanaoipokea posta hiyo kila siku. Karani wa masijala ana orodha hiyo kichwani tayari. Mketi naye, muandike.

Tarakimu nazo zina lafudhi. Bujumbura, Kigali na Goma, waliosoma kwa mtindo wa Kifaransa huanza moja kwa mkia mrefu unaopanda, na mashine iliyofundishwa kwa mikono ya Wamarekani huiona saba. Kwenye barua kutoka Oman unaweza kukuta tarakimu za Kiarabu, ambapo tano ni duara linalofanana na sifuri yetu na sifuri yao ni nukta. Mashine hujua mikono iliyoiona tu.

Niko ughaibuni. Niandikeje bahasha ili ifike nyumbani?

Mashine ya huko ulipo haijali sanduku la Moshi wala la Malindi. Inatafuta nchi. Basi jina la nchi liwe mstari wa mwisho, peke yake, kwa herufi kubwa, kwa lugha ya nchi uliyopo. Usiandike kitu chini yake. Ukitumia kwenda Kongo, andika jina kamili la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maana Kongo ziko mbili na neno moja halitoshi.

Wino mweusi au wa buluu iliyokolea kwenye bahasha nyeupe. Bahasha nyekundu za kung'aa za sikukuu zinapendeza mkononi, lakini kamera haioni tofauti ya kutosha kati ya wino na karatasi. Acha nafasi tupu kwenye ukingo wa chini, hasa kulia, ndipo msimbo pau huchapwa. Anwani ya mtumaji ikae juu kushoto, ndogo, isishindane na ya mpokeaji. Na mstari wa sanduku uandike tarakimu zilizoachana, kwa sababu huku mwisho wa safari atakayezisoma ni mtu aliyesimama mbele ya vishubaka, naye anastahili urahisi huohuo.

Picha za bahasha zangu zinabaki wapi?

Swali zuri, na majibu yake hayatulizi sana. Baada ya barua zenye kimeta za mwaka 2001, zilizoua watu watano Marekani, posta ya huko ilianzisha utaratibu wa kuhifadhi picha za nje za barua zinazopita kwenye mashine zake. Wananchi walikuja kuujua vizuri mwaka 2013. Picha hizohizo zina sura nyingine ya manufaa: tangu 2017 wateja wengi wa huko wanaweza kujiandikisha kwenye huduma ya Informed Delivery na kupata asubuhi picha za barua zitakazofika kwao siku hiyo.

Upande wa mbele wa bahasha husema mengi: benki gani, hospitali gani, mahakama gani, mara ngapi kwa mwezi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Ofisi inayopiga picha bahasha inakusanya taarifa binafsi, na lazima iamue mapema nani anaziona na zinafutwa lini. Bahasha zenye neno SIRI zisipite kabisa chini ya kamera hii; ziende masijala ya siri kwa mkono, kama utaratibu ulivyo.

Je, wachambuzi watapoteza kazi?

Marekani wengi walihamishwa au kazi zao zilikwisha, hakuna haja ya kulipamba hilo. Lakini mashine zile zilizaliwa kutokana na wingi: mwaka 2006 posta hiyo ilishughulikia vitu bilioni 213. Hakuna ofisi ya kwetu yenye mzigo wa namna hiyo. Kinacholemea masijala yetu ni barua iliyopokelewa, ikasainiwa, na baada ya wiki hakuna anayejua iko meza gani. Kamera inayoweka kumbukumbu humwondolea karani lawama hiyo, na bado inamhitaji kwa kila bahasha iliyoshindikana. Afisa anayepanga kununua mfumo ili apunguze watu wa masijala atapunguza wale hasa wanaojua majibu.

Tunataka kuanza masijalani kwetu. Tuanzie wapi?

Anzeni na mwanga, kabla ya programu. Simu moja ya kawaida juu ya stendi isiyotikisika, taa mbili za pembeni ili mng'ao usiiangukie bahasha moja kwa moja, na kitambaa cheusi chini ili kingo za bahasha zionekane wazi. Bandikeni kila bahasha lebo yenye namba yake siku inapopokelewa, kwa mantiki ileile ya vistari vya machungwa: picha na karatasi visitengane kamwe.

Kisha mwezi mzima pigeni picha tu. Karani aendelee kugawa kama kawaida, na alikoipeleka kila barua kuandikwe pembeni ya picha yake. Mwishoni mtakuwa na mkusanyo wenu wenyewe, wenye mikono ya watu wanaowaandikia ninyi. Gaweni sehemu ya mtihani na msiiguse mpaka mwisho.

Kwa maandishi ya chapa, Tesseract ni programu ya bure ya kusoma herufi kwenye picha, msimbo wake umekuwa wazi tangu 2005, na ina data ya Kiswahili. Kwa mwandiko wa mkono ni dhaifu, msiitegemee. Matini yakishatoka, msitafute neno linalolingana kikamilifu. Hesabuni ni herufi ngapi zingebadilishwa, kuongezwa au kuondolewa ili yafanane na kila jina kwenye orodha yenu. Kipimo hicho kinaitwa umbali wa Levenshtein. “Idaro ya Unvnuzi” iko mbali kidogo tu na Idara ya Ununuzi na mbali sana na Idara ya Uhasibu, basi ipite. Kinachoamua si umbali peke yake, ni pengo kati ya jina la kwanza na la pili. Pengo likiwa dogo, barua iende kwa karani.

Hizi programu mpya za akili mnemba zinasoma mwandiko vizuri sana. Si tuipe picha tu ituambie idara?

Zinasoma vizuri kuliko chochote kilichotangulia, ni kweli, na zitumieni. Hatari yake ni tofauti na ya zamani. Mtandao ule wa LeCun ulipochanganyikiwa, alama zake zilionyesha. Programu hizi zikikuta jina lisilosomeka zinaweza kuandika jina safi, la Kiswahili kizuri, lenye kuelekea kuwa kweli, ambalo halimo kwenye bahasha. Macho ya karani hayatalishuku. Kwa hiyo iagizeni inakili kilichoandikwa tu, si kuamua idara. Kisha nakala hiyo ipite kwenye orodha yenu kama kawaida, na isiyolingana ikataliwe. Angalieni pia picha zinakwenda kwenye seva ya nani, katika nchi gani.

Baada ya hapo wekeni ubaoni namba mbili kila wiki: barua zilizokataliwa, na barua zilizokubaliwa zikaenda idara isiyo yake. Namba ya pili mtaijua tu ikiwa idara zina njia rahisi ya kuirudisha barua na kusema “si yetu”, kwa hiyo trei ya kurudishia iwepo siku ileile kamera inapowashwa. Ya kwanza ikipanda, karani ana kazi zaidi asubuhi hiyo. Ya pili ikipanda, ongezeni ukali wa kukataa siku hiyohiyo, hata kama nusu ya bahasha zitarudi mezani kwake.